Shokapu iliyoshuka na mengine ya kukagua kwenye miguu ya Cessna kabla ya kuruka

Swali: Najifunza urubani hapa Dar es Salaam kwa kutumia Cessna 172. Kwenye orodha ya ukaguzi wa kabla ya kuruka, sehemu ya magurudumu ina mistari michache tu, na wenzangu wengi wanapiga tairi teke, wanachungulia breki, basi. Juzi tulikuta shokapu ya mbele imekaa chini kuliko kawaida. Mmoja akasema iongezwe upepo tu tuondoke. Je, hiyo ni sawa? Na pale kwenye magurudumu niangalie nini hasa?

Jibu: Nianze na hiyo shokapu, ndugu yangu. Jibu ni hapana, na ukishaelewa kwa nini ni hapana, ukaguzi wa sehemu nyingine zote utakuwa mwepesi kwako.

Ndani ya shokapu ya mbele ya Cessna 172 kuna vitu viwili: mafuta ya haidroliki, na gesi ambayo ni naitrojeni au hewa kavu. Ndege ikiwa imesimama, gesi ndiyo inayobeba pua. Ndege inapotua, mafuta yanasukumwa kupita kwenye tundu jembamba, na kule kupita kwa shida ndiko kunakomeza kishindo. Mafuta yakivuja, shokapu hushuka. Mtu akija na mtungi akaongeza gesi peke yake, pua inapanda, kromu (ile fimbo inayong'aa ya shokapu) inaonekana kama kawaida, na kila anayepita anadhani ndege ni nzima. Kumbe ndani hakuna tena cha kumeza kishindo. Siku ikitua kwa nguvu kidogo, shokapu inafika mwisho wake chuma kwa chuma, na pigo lote linakwenda kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, maana ndipo mguu wa mbele wa 172 ulipofungwa. Bati linakunjamana, na propela inaweza kugusa ardhi. Propela ikigusa ardhi wakati injini inazunguka, injini hiyo inatakiwa ifunguliwe na kukaguliwa ndani, hata kama bado inanguruma vizuri. Hasara yote hiyo inaanzia kwenye kijiko cha mafuta kilichovuja na mtu aliyekuwa na haraka.

Kwa hiyo ukikuta imeshuka, tafuta kwanza kilichoishusha. Hakikisha ufunguo wa injini umetolewa, kisha nenda mkiani. Weka viganja juu ya mwili wa ndege, mbele kidogo ya bawa dogo la mkia, pale penye fremu. Utaitambua kwa mstari wa ribiti. Usikandamize bawa dogo lenyewe, bati lake ni jepesi. Kandamiza taratibu mpaka pua inyanyuke, achia taratibu, rudia mara mbili. Shokapu wakati mwingine hunata tu baada ya ndege kuvutwa au kuegeshwa, na ukiitikisa hivyo inarudi mahali pake. Ikipanda na kushuka kwa ulaini, ikatulia kwenye kimo chake cha kila siku, na haina unyevu, hapo hapana tatizo. Ikishuka kwa kishindo kama mzigo ulioachiwa, mafuta yamepungua.

Sasa chukua kitambaa cheupe, kizungushe kwenye kromu. Utando mwembamba wa mafuta ni wa kawaida, na ndio unaolinda mpira wa ndani. Lakini ukiona pete ya mafuta mekundu imekusanyika chini ya kromu, au vumbi limeganda kwenye mafuta kama tope, ujue mpira wa kuzuia mafuta umechoka. Pitisha na kidole. Kromu yenye mkwaruzo au kijishimo cha kutu utaihisi kwa ncha ya ukucha kabla jicho halijaiona, na kila shokapu inapopanda na kushuka, ule mkwaruzo unaulamba mpira kama kisu. Ndiyo maana kromu inatakiwa ifutwe kila asubuhi, hasa hapa kwetu ambako vumbi la uwanjani na chumvi ya bahari vinakutana.

Kuhusu kimo chenyewe: kwa 172, kromu inayoonekana hubadilika kulingana na mafuta ya tangini na mzigo, kwa hiyo zoea kupima kwa vidole vyako kwenye ndege ileile, ikiwa katika hali ileile. Kama siku moja utahamia kwenye Piper Cherokee au Warrior, zile zina shokapu miguu yote mitatu, na kipimo chake ndege ikiwa na mafuta tele bila watu ni kama inchi 3.25 mbele (sentimita 8) na inchi 4.5 kwa miguu ya nyuma (zaidi kidogo ya sentimita 11). Piper iliyoinama upande mmoja inakwambia habari ukiwa bado mita kumi. Kwenye Cessna usikimbilie kulaumu mguu ukiona imeinama: mteremko wa maegesho au tangi moja kuwa na mafuta mengi kuliko jingine vinatosha kuilaza.

Hapo ndipo ukaguzi wenyewe unapoanza: kwa mbali. Simama mbele ya pua, hatua sita au saba, utazame ndege nzima kabla ya kuinama. Mabawa yako sawa? Magurudumu ya nyuma yamekaa sawasawa, au moja limelala nje kuliko jingine? Propela iko mbali na lami kama jana? Kisha tazama sakafu chini ya kila gurudumu kabla ndege haijasogezwa, kwa sababu doa likishakanyagwa huwezi tena kujua lilitoka wapi. Rangi itakusaidia: mafuta ya haidroliki ni mekundu, petroli ya ndege ya 100LL ni ya bluu, oili ya injini ni ya rangi ya asali ikiwa mpya na nyeusi ikitumika. Doa jekundu nyuma ya gurudumu kuu ni breki. Doa jekundu chini ya pua ni shokapu, au kile kishokapu kidogo kilicholala ubavuni mwake, ambacho nitakifikia.

Twende kwenye matairi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo teke linapodanganya watu wengi. Tairi la 172 lina kuta ngumu, na likipungukiwa PSI 10 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) bado linasimama mviringo, ukilipiga teke linarudisha mguu wako vilevile. Jicho haliwezi kupima upepo. Geji ndiyo inayopima. Na namba unayoitafuta ni ya ndege yako. Cessna 172S inataka PSI 42 kwenye magurudumu makuu na PSI 45 kwenye la mbele. Cessna 172N, ambayo kwa nje inafanana nayo, inataka PSI 29 na PSI 31. Ukichukua kipimo cha 172N ukakipeleka kwenye 172S, matairi makuu yatapungukiwa karibu theluthi ya upepo wake. Fungua kitabu cha ndege hiyo hiyo utakayoirusha, usome.

Pima tairi likiwa limepoa, angalau saa mbili au tatu baada ya kutua mara ya mwisho. Dar es Salaam hii, tairi lililokaa kwenye lami ya jua la saa nane mchana linasoma zaidi kuliko alfajiri: nyuzi joto 10 zaidi zinaongeza karibu PSI 2 kwenye tairi la PSI 42. Kwa hiyo usitoe upepo mchana kwa sababu umeona 44. Alfajiri utakuta limepungua.

Kwa nini upepo mdogo ni hatari? Tairi lenye upepo pungufu linajikunja sana ubavuni kila linapozunguka, joto linapanda, na nyuzi za ndani zinaanza kuachana bila wewe kuona. La pili ni baya zaidi kwa ndege ndogo, kwa kuwa nyingi zinatumia tairi lenye tyubu. Wakati wa kutua, gurudumu lililokuwa halizunguki linalazimishwa kuzunguka ghafla. Kama upepo hautoshi, tairi linateleza juu ya rimu na kuburuta tyubu, ilhali kijiti cha kujazia upepo kimeshikwa kwenye tundu la rimu. Kinapinda, mwishowe kinakatika, na upepo wote unatoka ukiwa kwenye njia ya kurukia.

Kuna alama ya kukuonya mapema. Tafuta mstari mfupi wa rangi, mara nyingi mwekundu, uliochorwa nusu kwenye rimu na nusu kwenye tairi. Nusu hizo zikitazamana, tairi halijahama. Zikiachana, hata kwa upana wa kidole, muite fundi kabla ya kitu kingine chochote. Tazama pia kijiti chenyewe: kinatakiwa kisimame wima katikati ya tundu lake. Kikiwa kimeegemea upande, tyubu imeshaanza kuburutwa. Na kifuniko chake kiwepo, kwa sababu ndicho kinachozuia mchanga kuingia kwenye valvu. Kama ndege haina mstari huo, mwombe fundi auchore. Ni kazi ya dakika moja.

Baada ya hapo soma ngozi ya tairi. Mifereji ikiisha, tairi limeisha. Nyuzi zikionekana, hata kwa ukubwa wa ukucha, hakuna safari. Bapa mahali pamoja ni mtu aliyekanyaga breki gurudumu likafunga. Pima kina chake na uangalie kama nyuzi zimefikiwa. Uvimbe ubavuni ni hewa iliyoingia kati ya tabaka, na hilo halivumiliki. Nyufa ndogondogo za jua ubavuni huonekana mapema kwa ndege zinazolala nje. Zikionyesha nyuzi, tairi litolewe. Kumbuka kuwa sehemu iliyolala chini huioni. Weka alama ya chaki, isukume ndege mbele nusu mzunguko, umalizie. Isukumeni mkiwa wawili, na wote mkae mbali na duara la propela. Hata kama ufunguo umetolewa, propela ihesabiwe kila wakati kuwa inaweza kuwaka.

Nikiwa hapo niseme neno moja. Tairi la ndege lisipelekwe kwa fundi pancha wa barabarani, hata akiwa hodari namna gani. Rimu hizi ni nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa bolti. Anayelegeza bolti hizo kabla upepo wote haujatoka anaweza kuuawa na nusu ya rimu inayoruka.

Breki. Chuchumaa nyuma ya gurudumu kuu ukiwa na tochi. Utaona diski ya chuma, na kalipa imeishika kama koleo. Kwanza ukavu: kuzunguka kalipa na kwenye mpira wa bomba pawe pakavu. Tone moja jekundu linaloning'inia chini ya kalipa ni pistoni inayovuja, na tone hilo likifika kwenye pedi, breki ya upande huo inashika vibaya na ndege inavuta upande mmoja wakati wa kusimama. Fuata bomba la breki kwa macho na kidole kutoka kwenye kalipa, juu kufuata mguu, mpaka linapoingia mwilini. Unatafuta palipochubuka, palipobanwa, na kishikizo kilicholegea. Halafu pedi: ikibaki milimita 2.5 ibadilishwe. Ishike kalipa uitikise kidogo. Inatakiwa icheze kwa uhuru kwenye pini zake, maana ikiganda, pedi moja inaliwa na nyingine inabaki nzima.

Diski ya ndege iliyolala nje siku tatu hapa kwetu utaikuta na kutu ya rangi ya chungwa. Utando huo mwepesi unatoka baada ya kukanyaga breki mara chache wakati wa kutembea taratibu kwenda kwenye njia. Kutu iliyochimba vishimo ni habari nyingine: inakula pedi kama tupa. Diski yenye rangi ya samawati ilipata joto kali, maana yake breki ilikuwa inaburuza, au mtu alitembeza ndege huku miguu yake imelala kwenye breki. Kosa hilo wanafunzi wengi wanalifanya bila kujua. Visigino vikae sakafuni.

Ukiingia ndani kanyaga pedali za breki. Ziwe ngumu mapema. Zikizama kama sponji, kuna hewa ndani. Zikipata ugumu baada ya kupampu mara tatu, bado kuna hewa au mafuta yamepungua. Usiruke kwa breki ya kupampu. Na mafuta ya kuongeza ni yale mekundu ya ndege, MIL-H-5606, yaongezwe na fundi. Mafuta ya breki za gari, haya yanayouzwa kila duka la vipuri Kariakoo, ni ya asili nyingine kabisa. Yanavimbisha na kuharibu mipira yote ya mfumo huu, na kuusafisha ni kuufungua wote.

Rudi kwenye pua. Nyuma au mbele ya shokapu, kutegemea aina ya ndege, kuna vipande viwili vilivyoungana kwa kiwiko kama mkasi. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisijizungushe lenyewe huku likiruhusu shokapu ipande na kushuka. Ushike mkasi huo kwa mkono uutikise kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana unavumilika. Ukisikia kugonga, bushi zimekwisha. Hakikisha kila nati ina pini yake ya kukunja, miguu yake imekunjwa, wala haijakatika. Bolti ya mkasi ikitoka, gurudumu la mbele linakuwa huru kugeuka kokote.

Ubavuni kuna kile kishokapu kidogo kilicholala. Kinatuliza gurudumu lisitikisike. Kikivuja au kikipungukiwa mafuta, utauhisi mtikisiko mkali mikononi na miguuni ndege ikiwa na kasi kwenye njia. Lakini usikihukumu peke yake: tairi lisilo na mizani, upepo usio sahihi na bushi za mkasi zilizolika vinaleta mtikisiko uleule, na kubadilisha kishokapu bila kugusa hivyo ni kutupa pesa.

Pale pale angalia vizuizi vya usukani wa gurudumu. Gurudumu la mbele la 172 linapovutwa halitakiwi kugeuzwa zaidi ya nyuzi 30 kila upande. Aliyeivuta usiku akazidisha, vizuizi hupinda au kukatika, na yeye keshaenda nyumbani. Na kama mkono wa kuvutia ndege bado uko kwenye gurudumu, utoe sasa hivi, usiseme nitautoa nikimaliza.

Miguu ya nyuma ya Cessna ni chuma cha springi, haina mafuta wala gesi, ndiyo maana watu wanaipita haraka. Ina udhaifu mmoja: haipendi kuchubuka. Chuma cha springi kinabeba mzigo kwa kupinda, na ufa huanzia kwenye kijishimo cha kutu au mkwaruzo. Rangi ikibanduka, hata kidogo, pafaa pasafishwe na kupakwa rangi upya haraka. Kwa ndege inayoruka kati ya hapa, Zanzibar na Mafia, chumvi haisubiri. Pia usiufanye mguu kuwa ngazi kama hauna kikanyagio.

Fuata mguu mpaka unapoingia mwilini. Kagua bati la pale kwa kutazama kwa mshazari, mwanga wa tochi ukilala juu yake: mikunjo itajionyesha. Ribiti iliyozungukwa na vumbi jeusi kama masizi inacheza ndani ya tundu lake. Ule weusi ni bati linalosagika. Fanya hivyohivyo chini ya pua, kwenye bati linaloelekea ukuta wa injini. Hizi ndizo kumbukumbu za kutua kwa nguvu ambako hakuna aliyetoa taarifa yake.

Kama ndege yako inavaa viatu vya magurudumu, yaani vifuniko vinavyoyazunguka, ingiza vidole ndani. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, udongo wa viwanja visivyo na lami unajaa humo, ukikauka unasugua tairi au kulizuia lisizunguke. Baada ya kurudi kutoka viwanja vya udongo na changarawe, kama vile vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, pitisha kiganja kuzunguka tairi lote kutafuta miba ya migunga na mikato ya mawe. Mwiba usiung'oe ukiwa peke yako huko porini. Tairi linaweza kuwa linashikilia upepo kwa sababu ya mwiba huohuo.

Kwa ndege zenye miguu inayokunjwa nitasema machache, kwa kuwa hujafika huko: usiguse lever ya miguu ndege ikiwa chini, na usijaribu kuthibitisha kwamba swichi ya usalama, ile inayozuia miguu isikunjwe ndege ikiwa chini, inafanya kazi. Swichi hiyo hukaguliwa ndege ikiwa juu ya jeki.

Vifaa vyako vinaenea mfukoni: tochi, kitambaa cheupe, geji nzuri, chaki. Kwa mkono uliozoea, yote haya ni dakika saba au nane, na rudia sehemu ya mafuta na matairi mara tu baada ya kutua, kwa sababu uvujaji huonekana vizuri mfumo ukiwa na joto. Ukitua kwa nguvu, sema siku hiyohiyo, hata kama unaona aibu na hata kama huoni alama yoyote. Fundi anahitaji kujua ili afungue pale ambapo wewe huwezi kuona.

Na kwa ile shokapu ya juzi, kitu cha kuandika kwenye kitabu cha ufundi cha ndege kingekuwa hivi: "Shokapu ya mbele imeshuka, kromu inayoonekana sentimita 3, tangi zote zimejaa. Mkia umekandamizwa mara mbili, haikupanda. Pete ya mafuta mekundu chini ya kromu, vumbi limeganda. Haijaongezwa gesi. Ndege haijaruka." Tia saini, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, kisha mpigie fundi mwenye leseni.